Ngeli ya Gwakisa

"Kivuli kiko tayari kukuona," mlango ukaniambia.

Nilikuwa nimeshainua mguu nivuke kizingiti. Nikaurudisha.

"Umesemaje?"

"Kivuli kiko tayari kukuona. Karibu ndani, Atuganile."

Sauti ilikuwa ileile ya kila siku, laini, yenye huzuni ya kuajiriwa, kama ya mtangazaji wa matangazo ya vifo redioni. Kilichobadilika kilikuwa silabi moja tu. Jana mlango huohuo uliniambia kivuli "yuko" tayari.

Nikamgeukia Tumwimbike, msichana wa mapokezi wa Makao ya Vivuli. Alikuwa amejitanda khanga mbili mabegani kwa sababu ya baridi ya Uyole, anapuliza kikombe cha chai.

"Mlango huu una nini leo?"

"Umeona, eh?" Akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Tangu asubuhi unaongea Kiswahili sanifu. Kivuli kiko, vivuli viko. Zamani ulikuwa unanikera, mama, usinione kimya. Eti kivuli yuko! Mwalimu wangu wa shule ya msingi angeuchapa."

"Nani kaubadilisha?"

"Kwani si wewe?" Akashusha kikombe. "Taarifa imekuja na muhuri wako. Marekebisho ya sarufi. Nimewaambia wenzangu, huyo mama ni mtu makini, hata jambo dogo kama hilo halimpiti."

Mama mzazi wa Tumwimbike naye ni kivuli. Anakaa humohumo ndani, na binti yake humpitia kila akimaliza zamu, wakapiga soga za majirani mpaka walinzi wakaja kumwondoa. Nilimtazama akinywa chai yake kwa raha, nikaona kwamba hajui kinachomjia. Mimi nilijua, maana maktaba ya programu iliyoufundisha mlango ule kusema niliiandika mimi.

Nieleze kidogo, kwa sababu asiyefanya kazi yetu ataona nagombania herufi.

Nilipoanza kazi, mashine zilikuwa zikizungumza zenyewe kwa zenyewe kwa tarakimu. Moja inaiambia nyingine mtu huyu asitibiwe, yule anyang'anywe shamba, na ukiuliza sababu unaonyeshwa ukurasa wa namba ambao hata aliyeuandika hauelewi. Watu wakachoka. Waliingia barabarani, na mwishowe ikatungwa Sheria ya Maneno Wazi: mashine yoyote ikitaka kuiambia nyingine jambo, iliseme kwa sentensi ya Kiswahili ambayo mama muuza viazi wa Mwanjelwa akiisoma ataielewa. Hapo ndipo sisi wapanga maneno tulipoanza kusalimiwa kwa heshima. Mashine ina mambo yake tumboni, vipande vipande: nani, kafanya nini, wapi. Lazima awepo wa kuviunga vipande hivyo viwe sentensi, avipe viambishi vyake, aikunje mistari isitoke nje ya kioo. Sentensi ikitosha mstari mmoja, iache. Isipotosha, ikunje, lakini mtenda usimtenge na kitenzi chake ila ukikosa njia kabisa.

Kazi hiyo hufanywa na maktaba moja nchi nzima, nami niliiandika pamoja na Ambakisye, mwenzangu tangu chuoni. Tuliiita Upatanisho, kwa kuwa ndivyo vitabu vya sarufi vinavyouita undugu wa nomino na kitenzi chake: mtu amefika, kiti kimefika, mti umefika. Tuliiandika kwa Kokoto, lugha ya programu ambayo watu huicheka jina na kuiogopa tabia. Programu ya Kokoto ni kanuni ndogo ndogo zilizounganishwa. Kila kanuni inapokea kitu, inarudisha kitu, basi. Haikumbuki ya jana, haina kisirani, haifanyi mambo pembeni. Ukiipa kilekile itakurudishia kilekile mpaka kiama. Nimezipenda kanuni zile kuliko nilivyowapenda watu wengi.

Moyo wa maktaba yenyewe ni mistari miwili:

kiambishi (Hai jina) = "a"
kiambishi (Kitu ngeli) = ngeli

Mwenye uhai anapewa "a", jina lake liwe na umbo lolote. Kijana amefika, kipofu amefika, kiongozi amefika. Aliyenikalisha mezani akanieleza hayo ni mume wangu Gwakisa, mwalimu wa Kiswahili. "Lugha yetu haiangalii umbo la neno, Atu," alisema. "Inaangalia pumzi." Kisicho na uhai kinafuata ngeli yake. Na mashine zote, zikipokea sentensi, husoma kiambishi kwanza. Anayetajwa kwa "a" hazimwi, hafutwi, hauzwi. Kinachotajwa kwa "ki" ni mali.

Mapafu ya Gwakisa yalipogoma, madaktari waliichukua sauti yake, kumbukumbu zake na utani wake wote wakavihamishia kwenye mashine za Makao, kisha tukaenda kuuzika mwili Tukuyu. Akawa kivuli, kama maelfu ya wengine. Mimi na Ambakisye tukawaandika vivuli wote upande wa Hai. Hakuna aliyebisha.

Sasa mtu alikuwa amewahamishia upande wa pili, kwa muhuri wangu. Na wiki nzima redio ilikuwa ikitangaza kwamba bwawa limekauka na mgao wa umeme unaanza Jumapili asubuhi. Mgao huanza kwa kuzima vyenye "ki" na ndugu zake: mabango ya matangazo, majokofu ya vinywaji, chemchemi za bustanini. Jokofu likizimwa linawaka tena. Kivuli akizimwa harudi, sawa na maziwa yakishakatika.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

*

Chumba cha Gwakisa kina kiti kimoja cha mgeni na spika ukutani. Wengine huwekewa sura kwenye kioo, yeye alikataa. Alisema amekonda vya kutosha hospitalini.

"Umechelewa," akasema.

"Nimegombana na mlango."

Akacheka, kicheko chake kilekile kinachoanzia puani. "Umekukosea nini?"

"Umekuita kitu. Kivuli kiko tayari! Mtu kaingia kwenye maktaba yangu, Gwakisa. Kwa muhuri wangu."

Nilingoja aje juu. Huyu ni mtu aliyewahi kushuka kwenye gari ili akamrekebishie fundi bango lililoandikwa vibaya. Lakini akasema kwa upole, "Kwa umbo la neno, hawajakosea."

"Gwakisa!"

"Nasema tu. Haya, mbuzi wa jirani bado anakula maua yako?"

Nikamsimulia habari za mbuzi, alivyoingia mpaka barazani akala hata ua la kwenye kopo. Akacheka. Nilikuwa na moto kiasi kwamba sikugundua amenigeuzia mazungumzo. Wakati naondoka nilimwahidi kwamba nitamtafuta huyo mshenzi, nimpeleke anakostahili.

"Usimkasirikie sana," akasema.

Nikaona ni ule upole wake wa siku zote. Ndiyo, nilikuwa mjinga kiasi hicho.

*

Mtu wa kwanza niliyempigia alikuwa Ambakisye. Ningempigia nani mwingine? Yeye na Gwakisa wamechunga ng'ombe pamoja Tukuyu. Ndiye aliyemsimamia Gwakisa siku ya harusi yetu, ndiye aliyeongoza jeneza. Nilimwambia njoo nyumbani haraka, tumevamiwa. Akasema anakuja.

Nilipokuwa namngoja nikafungua yale mabadiliko niyasome kwa macho yangu. Yalikuwa mafupi. Neno Kivuli limetolewa kwenye orodha ya Hai, limeingizwa kwenye orodha ya Kitu. Ili liingie, mwandishi alilazimika kuipanga orodha upya, jina moja kila mstari. Na kila mstari ulianza na mkato.

Kwanza nikatabasamu, kabla akili haijafika. Dunia nzima huweka mkato mwishoni mwa mstari. Ninamjua mtu mmoja tu anayeuweka mwanzoni, kabla ya neno, ati ndiyo orodha inasimama wima na ukifuta mstari mmoja hutaharibu mwingine. Tumegombana juu ya mkato huo tangu chuoni. Gwakisa alikuwa akituamua mezani huku anacheka, anasema hajawahi kuona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya mkato.

Tabasamu likanikauka mdomoni. Niliusoma ule mstari tena na tena, natafuta namna uwe wa mtu mwingine.

"Ndaga, shemeji!" Ambakisye aliingia kwa salamu ya kwao, amebeba ndizi za kupika begani. Hajawahi kuja kwangu mikono mitupu.

"Ambakisye, mkato unakaa wapi?"

"Mkato?"

"Kwenye orodha. Mwanzo wa mstari au mwisho?"

Alizitua ndizi sakafuni taratibu. Uso wake ulishuka. Hakujaribu hata kudanganya, na hilo likanichoma zaidi kuliko kama angedanganya.

"Nilijua utaujua," akasema.

"Kwa muhuri wangu!"

"Wangu usingetosha. Kugusa moyo wa maktaba kunataka wa kwako."

"Muhuri ule nilikupa siku za msiba! Nimelala sakafuni na wanawake wenzangu, macho yamevimba hayafunguki, nikakwambia shemeji, shika, watu wasikwame kwa sababu yangu. Sikukuomba unirudishie hata siku moja, kwa sababu sikuona tofauti ya kuwa nao wewe na kuwa nao mimi. Unanisikia? Sikuona tofauti!"

"Nakusikia."

"Tumwimbike ananipongeza pale mapokezi. Mama yake anafutwa keshokutwa, naye ananipongeza kwa Kiswahili sanifu! Umekula nini wewe? Umelipwa na nani?"

"Sijalipwa." Akakaa bila kukaribishwa, akafunika uso kwa viganja. "Gwakisa aliniomba."

Nilimsikia, ila maneno hayakuingia. Nikamwambia aseme tena.

"Aliniomba nimzime, shemeji. Amechoka. Nilimwambia haiwezekani, akaomba mwenyewe kwa mashine ya Makao. Unajua ilimjibu nini? Hakuna sentensi hiyo. Tuliandika kwamba mtu hufariki mara moja, na yeye alishafariki. Maktaba yetu haimruhusu kusema. Hana kitenzi. Amebaki kuniomba mimi, kila nikienda, kama mtoto anayeomba maji. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia mke wake."

"Alinikataza. Alisema ungekataa, na ungekataa kwa kulia, na yeye angeshindwa."

"Na hao wengine? Maelfu wote wale?"

"Kumtoa mmoja peke yake kungeonekana mara moja." Sauti yake ikawa ndogo. "Ilibidi iwe kanuni ya wote. Nilipoandika ni sarufi, hakuna aliyeuliza. Baraza la Maneno lilituma shukrani kwa jina lako, nikazipokea mimi."

Nilimtazama mtu yule niliyekula naye miaka yote. Nilitamani nimzabe kofi, mkono ukakataa. Alikuwa amenizunguka, ameniwekea jina langu juu ya mauaji, kisha kaniletea ndizi.

"Toka," nikasema.

"Shemeji, nisikilize."

"Mimi si shemeji yako. Toka. Na ndizi zako chukua."

*

Jumamosi asubuhi mlango ulisema tena kivuli kiko tayari. Niliupita bila kuuitikia. Kiti sikukikalia.

"Mmenifanya mjinga, wewe na rafiki yako," nikasema.

Ukimya wa Gwakisa naujua. Upo wa kutafuta neno, upo wa kusinzia, upo wa kosa. Huu ulikuwa wa kosa.

"Amekuambia."

"Mkato wake umeniambia. Tangu lini, Gwakisa? Nakuja hapa kila siku ya Mungu. Navua viatu vyenye tope pale nje ili nisikuchafulie chumba ambacho hata hukioni. Nakusimulia mbuzi!"

"Hebu tuzungumze kuhusu mbuzi," akasema. "Jumatano ulinisimulia alivyoingia barazani. Jana umenisimulia tena, ulikuwa umesahau. Nilicheka mara zote mbili. Nilicheka palepale, Atu, kwa urefu uleule, kwa sauti ileile. Na safari ya pili nilijisikia nikicheka. Unakumbuka ulivyonieleza kanuni zako za Kokoto? Ukizipa kilekile zinarudisha kilekile. Nimekuwa hiyo. Unaniletea siku yako, nakurudishia Gwakisa. Ukitoka hapa sibaki na kitu."

"Mimi nabaki nacho."

"Najua. Ndiyo maana nilishindwa kukuambia."

"Ungeshindwa mbele yangu! Ungeniambia nikatae, nilie, tununiane mwezi mzima kama watu waliooana! Hiyo ilikuwa haki yangu. Badala yake umekwenda kumpa mwanamume mwingine habari ya kufa kwako, mimi nikabaki mchekeshaji wa kuleta umbea. Mara ya kwanza ulipokufa nilikushika mkono. Ya pili ulitaka niisikie kwenye redio, na mgao?"

"Hapo nimekukosea," akasema. "Nimekukosea sana. Sina la kujitetea."

Nililia wakati huo. Alisubiri, hakunibembeleza, kwa sababu anajua nachukia kubembelezwa nikiwa na hasira. Nilipofuta uso nikamuuliza lile lililokuwa limenikaba tangu jana.

"Na wale wengine uliwaonaje? Hawakukuhusu?"

"Wengine gani?"

"Vivuli wote. Yule mama wa chumba cha pili, mama yake Tumwimbike. Wote wamewekwa upande wa Kitu. Kesho wote wanazimwa."

"Si wote. Ni mimi tu." Kisha akaongeza, "Ambakisye aliniambia ni mimi tu."

Nikakaa kwenye kile kiti. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumchukia mtu aliyekubali wenzake wafe ili yeye apumzike, na kumbe naye kadanganywa na mtu huyohuyo, kwa upole uleule.

"Yule mama huimba asubuhi," Gwakisa akasema. "Anasikika hapa. Kila siku anakosea ubeti wa pili, kila siku anajicheka. Rudisha, Atu. Rudisha 'a' sasa hivi."

"Nikirudisha, na wewe unarudi. Hutaweza kutoka."

"Nibaki. Sikutaka kutoka kwa mlango huo."

"Hutaniomba tena?"

"Sitakuomba."

Nilifurahi. Nalisema wazi, sitafuti sifa: katikati ya hasira ile moyo uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimepewa mume wangu wa milele, kwa ridhaa yake, na nilichotakiwa kufanya ni jambo jema ambalo kila mtu angelishukuru.

*

Kurudisha kulikuwa kazi ya mchana mmoja, na sehemu kubwa ya mchana huo nilitumia kubadilisha muhuri. Nililihamisha neno Kivuli likarudi kwenye Hai. Mikato niliiweka mwishoni, yote. Kwenye maelezo nikaandika kwamba mabadiliko yaliyotangulia hayakuwa ya sarufi, yalikuwa ya kuua, na hayakufanywa nami ingawa yana jina langu. Historia ya Kokoto haifutiki. Mpaka leo mtu akiifungua atakuta kwamba siku fulani Atuganile aliwageuza wafu wake kuwa vyombo, na inabidi asome mstari unaofuata ndipo anisafishe. Wengi hawasomi mstari unaofuata. Kuna wanaonipita sokoni wakiangalia upande.

Jumapili mgao ukaanza. Mabango yalizimika, mji ukawa na giza la miaka ya bibi zetu, na pale Makao hakuguswa mtu. Tumwimbike alinilalamikia kwamba mlango umerudia Kiswahili chake kibovu. Nilimweleza kila kitu. Alikaa chini, kisha akaenda moja kwa moja kwa mama yake akiwa hajamaliza zamu, na hakuna aliyemzuia.

Nami nikaendelea kwenda kwa Gwakisa. Hakutaja tena. Alitimiza ahadi kwa ukamilifu unaoudhi. Nilimletea siku yangu, akanirudishia Gwakisa. Nilijiambia kwamba hivyo ndivyo wanavyoishi wazee wengi waliooana, wanarudia utani uleule, na hakuna anayeita hilo kifungo.

Nyumbani, wakati huohuo, nilikuwa nimeandika kitenzi. Sikumwambia mtu. Kufariki, kwa upande wa vivuli. Kwa Kokoto si jambo gumu, ni kuamua tu kanuni ipokee nini. Niliiandika isipokee ombi kutoka kwa mke wala mtoto wala rafiki wala wagawaji wa umeme. Ipokee kutoka kwa kivuli mwenyewe, kwa sauti yake, aulizwe, aachwe alale juu ya jibu lake, aulizwe tena mbele ya anaowapenda. Ombi likitoka kwa mwingine yeyote, kanuni inakataa hata kusomeka. Niliijaribu, ikapita. Halafu nikaifungia kwenye mashine yangu ikakaa.

Ambakisye alikuwa ametafuta kitenzi hichohicho akakikosa, akaona njia fupi ni kumwondolea rafiki yake uhai kwenye sarufi. Mimi nilikuwa nacho, nimekikalia. Nilitaka kuamini kuna tofauti kati yetu.

Siku moja nikamsimulia tena habari ya mbuzi wa barazani, neno kwa neno. Safari hii sikuwa nimesahau.

Akacheka. Kicheko kikaanzia puani, kikapanda palepale, kikaisha palepale. Kisha akasema, kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa chakula asichokitaka, "Ahsante, Atu."

Alijua. Alijua kwamba najaribu, na akacheka kwa ajili yangu.

Nilirudi nyumbani nikakituma kitenzi kwa Baraza la Maneno. Sikuandika marekebisho. Niliandika: naomba vivuli wapewe uwezo wa kusema kwamba wametosheka, mume wangu ni mmoja wao, someni kila mstari kabla hamjapitisha. Walisoma, wakabishana sana, wengine wakaniita majina. Wakapitisha.

*

"Kivuli yuko tayari kukuona," mlango ukasema, na kutoka mapokezi Tumwimbike akajibu, "Ndiyo, yuko," kama anayeitikia sala.

Gwakisa alikuwa ameshaulizwa mara ya kwanza jana yake. Sasa mashine iliuliza tena, mbele yangu, kwa ile sauti ya matangazo: "Gwakisa anaomba kufariki. Je, amekusudia?"

"Amekusudia," Gwakisa akajibu. Kisha akaniambia mimi, "Umesikia upatanisho huo? Hauna kasoro hata moja."

"Sijakusamehe," nikamwambia.

"Najua."

"Nilitaka ulijue kabla hujaenda. Sitaki uende unadhani yameisha."

"Bora hivyo. Ungesema umenisamehe ningejua si wewe unayezungumza." Kisha akaongeza, "Yule mbuzi mfungie kamba, Atu. Maua hayo niliyapanda mimi."

Sikuwa na mkono wa kumshika, nikaweka kiganja changu juu ya spika. Ilikuwa na joto kidogo. Nilikiacha pale mpaka ikapoa.

Nje, juu ya lango la Makao, kuna kioo chembamba ambacho taarifa hupitia. Sheria mpya inataka kila kifo kitangazwe hapo. Kioo hicho nakijua upana wake, nilikipima mwenyewe zamani, na nilijua jina la Gwakisa halitatosha mstari mmoja pamoja na kitenzi. Maktaba ingekubali nilifupishe, niandike G. Mwasomola ili visitengane. Sikulifupisha.

Ambakisye alikuwa amesimama nje ya lango. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amevaa koti la msiba, lile alilovaa Tukuyu, na mikononi hakuwa na kitu. Aliniona, akafungua mdomo kuniita, akakosa jina la kuniitia. Kioo kikawaka juu yetu, naye akainua kichwa, midomo yake ikisoma.

Gwakisa Mwasomola
amefariki.

Alipofika mstari wa pili akalishika lango la chuma kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Kitufe cha kufungulia kilikuwa upande wangu. Sikumfungulia.